Maji ya Hatua Ndefu

Jumapili, 20 Februari 1955

Baba Mwanaisha kaleta daftari kutoka kazini, ng'ambo ya bandari. Kurasa za mbele zina mwandiko wa karani: saa za boti kutoka, saa za boti kurudi. Mimi naanzia nyuma. Darasa la nne nililomaliza Mikindani limeanza kunitoka kichwani, na mtoto huyu wa miezi minane hanipi nafasi ila ya kukaa kitako na kunyonyesha. Basi nitaandika anaponyonya. Palipokatika sentensi, ameniuma.

Jumatano, 23 Februari

Bamvua. Maji yamekupwa mbali. Tulikwenda mwambani wanawake kumi na mmoja, upande wa bahari kuu ya hapa Msangamkuu, kuchokoa pweza. Mama mkwe alikaa jiweni kama siku zote.

Niandike habari ya jiwe, maana siku moja Mwanaisha atasoma. Anayechokoa pweza anainama, macho kwenye tundu, mgongo baharini. Haoni kinachokuja. Kwa hiyo mmoja wetu haokoti kitu. Anakaa juu ya jiwe kubwa karibu na ukingo wa mwamba, uso baharini, debe tupu miguuni, tasbihi mkononi. Wimbi likipasuka ukingoni anaanza: Subhanallah, punje ya kwanza, Subhanallah, punje ya pili, mpaka linalofuata lipasuke. Halafu anaanza upya. Akigonga debe mara moja, tunainua vichwa. Akigonga mfululizo, tunakimbia, tunaacha hata vikapu. Wakati wa kurudi kila mmoja anampa kitu kutoka kikapuni mwake. Bi Somoe, mama mkwe wangu, amekaa pale tangu Athumani mume wangu hajazaliwa.

Sasa mguu wake unavimba, kaniweka pembeni yake nijifunze. Leo: nane, saba, nane, nane, saba.

"Ikishuka ikawa tano, nne, gonga," kasema. "Hapo bahari ina haraka, upepo unaisukuma."

"Na ikipanda, Mama? Ikawa kumi, kumi na mbili?"

"Hayo ya Zuhura."

Zuhura ni binti yake, wifi yangu. Ana miaka kumi na minane, anaolewa baada ya Ramadhani, na jiwe hataki kulisikia. Alikuwa karibu yetu, khanga kaikaza kiunoni, akadakia: "Mpe Sharifa yote, Mama. Mie nikae juu ya jiwe kama kuku anaatamia, wenzangu wanaokota?"

Wanawake wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Mimi ninampikia, ninamfulia, ninamkanda huo mguu kila jioni kwa mafuta ya nazi. Lakini ujuzi wa jiwe unakwenda kwa binti wa tumboni. Mke wa mwana anapewa nusu. Haya.

Ijumaa, 25 Februari

Mvua. Mtoto hakulala, na mimi sikulala.

Jumanne, 1 Machi

Mvua. Unga wa muhogo umeota ukungu, nimeutupa wote. Athumani kaniuliza kwa nini ugali umepungua. Nimemwambia aiulize mvua.

Jumamosi, 5 Machi

Jino la kwanza la Mwanaisha. Nimelijua kwa njia inayouma.

Zuhura kaja kulitazama. Kaingiza kidole, kang'atwa, kacheka mpaka akakaa chini. Kasema atakapozaa wa kwake atamleta kwangu nimnyonyeshe, yeye hawezi mateso haya.

Jumatano, 9 Machi

Mvua imekatika, mbingu safi, upepo hakuna. Kesho maji yatakupwa kuliko siku zote za mwaka huu, wanawake wote wanakwenda. Mama mkwe ana homa, mguu umekuwa kama mtungi. Kanipa tasbihi. Kesho nitakaa mimi.

Athumani karudi kachelewa, suruali imelowa mpaka kiunoni. Nimemuuliza, kasema kazi ilikuwa nyingi. Zuhura alimwekea maji ya kunawa. Kamwambia, "Kaka, kesho nakuletea pweza mkubwa kuliko wewe, nitafika mpaka ukingoni kabisa." Kasema, "Haya." Kala, kalala.

Alhamisi, 10 Machi

Zuhura.

Jumamosi, 12 Machi

Wamempata leo asubuhi kwenye mikoko, upande wa ndani. Nimemwosha mimi na Mama mkwe na Salma jirani yetu. Kazikwa baada ya adhuhuri.

Jumatatu, 14 Machi

Naandika, na mtoto hanyonyi. Nimemlaza. Hili nataka kuliandika kwa mikono miwili.

Tulifika mwambani saa nne kasoro. Bahari ilikuwa kama mafuta kwenye sahani. Hakuna povu, hakuna upepo hata wa kuinua ncha ya khanga. Nilipanda jiweni, mtoto mgongoni, nikaanza. Nane. Nane. Tisa. Wanawake walikuwa wanaimba wakichokoa. Kumi na moja. Nikafikiri nimekosea, nimehesabu mbio. Nikapunguza mwendo, nikavuta kila Subhanallah kama ninavyomsikia Mama mkwe akivuta. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Nilifundishwa kwamba hesabu ikishuka ni hatari. Hakuna aliyenifundisha maana ya hesabu inayopanda. Nilifanya ambavyo angefanya mtu yeyote mwenye akili ya kawaida: nikageuza. Haraka ni hatari, basi polepole ni salama. Wimbi lilikuwa likija moja, linapanda taratibu, linapasuka kwa sauti nzito, halafu kimya kirefu. Nikaona bahari inasinzia. Mkono wangu uliandika jina la Zuhura juu, sasa uandike na hili. Niliwaitia kwa sauti. Nilisema, "Bahari imelala, nendeni tu."

Wakaenda. Zuhura kaenda mbele ya wote, mpaka ukingoni, kwenye matundu ambayo maji hayayaachi ila siku chache za mwaka. Kaingiza kijiti. Kanigeukia kanionyesha mkono wa pweza umemzunguka mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anacheka.

Halafu maji yakaondoka ukingoni. Yalishuka kama chini ya bahari pametobolewa. Nikaona mwamba ambao sijapata kuuona, mweusi, una mimea inaning'inia. Nikagonga debe. Niligonga mfululizo, Mwanaisha akaanza kulia mgongoni. La kwanza halikuwa hata na povu. Lilikuwa kilima cha maji kinatembea. Likaingia juu ya mwamba likawafika wanawake kiunoni, likawaangusha. Wakainuka, wakaanza kukimbia. La pili likawakuta njiani, likapita juu ya vichwa. Salma alishika jiwe langu, nikamshika nywele. Wengine walisukumwa mpaka mchangani, wamechanika magoti na viganja. La tatu likaja na kurudi.

Walipohesabiana mchangani walikuwa kumi, nao walishuka kumi na mmoja. Mbingu ilikuwa safi vilevile. Jua linawaka. Kikapu chake kilikuwa kinaelea pale pale.

Jumanne, 15 Machi

Matanga. Mwalimu wa madrasa kasema ni kudra. Wanawake wanasema bibi harusi hakufaa kwenda baharini, bahari imemtaka. Nimewasikia wakiyasema jikoni kwangu huku wakila wali wangu. Bahari haimtaki mtu. Bahari haimjui Zuhura wala hainijui mimi.

Jioni kavuka karani Nazarali, karani wa kampuni ya matishari, boti za kupakulia meli, anakofanya kazi Athumani. Kaleta sukari na mchele. Ni mtu mpole, sina neno naye. Alikaa barazani na wanaume, mimi nyuma ya pazia namwogesha mtoto.

"Pole sana, Bwana Athumani," kasema. "Mungu anajua. Hata sisi, tungechelewa siku moja tu, boti zote mbili zingevunjika gatini. Bahati tulizihamisha Jumatano."

Nikaacha kopo la maji.

"Jumatano ipi, Bwana Karani?" nimeuliza kupitia pazia.

"Hii iliyopita, Mama Mwanaisha."

"Mlijuaje?"

Kasema simu ilikuja Jumanne. Tufani kubwa, mbali sana kusini, katikati ya bahari ya Msumbiji, wala haiji huku. Lakini bwana mkubwa alisema maji yatanyanyuka, kaamuru boti ziingizwe ndani kabisa, nyuma ya mikoko.

"Na nani alizipeleka huko?"

Nikasogeza pazia. Athumani alikuwa anatazama kikombe chake. Nikaikumbuka suruali iliyolowa mpaka kiunoni.

Jumatano, 16 Machi

Nimengoja wageni waondoke. Sikupiga kelele, mama yake alikuwa chumba cha pili.

"Ulijua," nimesema.

"Nilijua habari za boti."

"Zuhura alikwambia anakwenda ukingoni. Ukasema haya."

"Walisema tufani haiji, Mama Mwanaisha. Haikuja. Umeona wewe upepo siku ile? Umeona wingu? Nilifikiri maji yatapanda kidogo gatini, yagonge boti. Na tuliambiwa habari za kampuni tusizitoe nje, watu wasije wakajaa hofu."

"Kwa hiyo mbao zilipelekwa mahali salama."

Halafu kasema polepole, wala hakunitazama: "Na wewe ulikuwa jiweni. Wewe uliona nini?"

Athumani hajanipiga tangu anioe. Leo hakunyanyua mkono vilevile.

Jumapili, 20 Machi

Ninampikia. Ninaweka sahani, ninaondoka.

Jumatatu, 21 Machi

Mvua. Kuku wawili wamekufa.

Alhamisi, 24 Machi

Bamvua ya mwezi mwandamo. Wanawake saba wamekwenda mwambani. Wamemweka Salma jiweni, hawakuniita. Salma hahesabu, anatazama tu, na akichoka kutazama anasuka ukili. Nimesimama mchangani na mtoto mgongoni, tasbihi ndani ya khanga, nimehesabu mpaka walipotoka wote. Nane. Saba. Nane.

Waliponipita mmoja wao kasema, "Umekuja kutuangalia tena?" Wengine wakamkanya. Sikujibu. Nilikuwa sijamaliza kuhesabu.

Jumapili, 27 Machi

Leo nimemkabili Mama mkwe. Nilikuwa namkanda mguu. Tangu msiba hajasema ila sala zake. Nimemkanda, nimemkanda, halafu mikono ikasimama yenyewe.

"Mama, ikipanda, maana yake nini?"

Kageuza uso ukutani.

"Nakuuliza. Kumi na tatu, kumi na nne. Niliyaona. Nilikuwa na tasbihi yako mkononi. Ungeniambia neno moja siku ile nilipokuuliza, moja tu."

"Nilikuwa namwekea yeye."

"Na yeye ameondoka, na neno umebaki nalo."

Nilidhani atanifukuza. Kalia, si kilio cha kelele, maji tu yanatoka kwenye uso usiotikisika. Nilimhurumia na bado hasira haikunitoka. Nimeviweka vyote viwili pamoja, nimeendelea kukanda.

Kasema mama yake alimwambia siku alipompa jiwe: bahari ikihema mbiombio inapiga makelele, utapata wakati wa kukimbia. Ikihema polepole inabeba. Ikipita kumi, gonga, usingoje kuona, maana ukiona umeshachelewa. Yeye mwenyewe kaliona jambo hilo mara moja tu maishani, akiwa msichana. Miaka ikapita halikurudi, kaanza kudhani ni hadithi ya kutisha watoto. Kaiweka kama mtu anavyoweka nguo ya sikukuu sandukuni.

"Kwa nini iwe siri?" nimeuliza.

"Ukiwapa wote, jiwe halina mwenyewe."

Jumanne, 29 Machi

Nimepata kuelewa nikiwa nafua.

Tulipotoka mazikoni kwa bibi yangu Mikindani, mwaka juzi, tuliondoka mlangoni wote pamoja, wanaume warefu, wazee, wanawake wenye watoto. Tulipofika nusu ya njia watu walikuwa wametawanyika. Wenye hatua ndefu wametangulia, wenye hatua fupi wako nyuma mbali. Aliyekuwa akitungoja mwisho wa njia alimwona kwanza mwenye miguu mirefu, peke yake, anatembea taratibu. Angeweza kudhani huyo ni mpita njia, kumbe watu wote wako nyuma yake.

Tufani ni hapo mlangoni. Mawimbi yanatoka pamoja, makubwa na madogo. Bahari ni pana, njiani yanaachana. Upepo unabaki huko huko na wingu linabaki huko huko. Kinachofika kwetu siku ya pili au ya tatu, kwenye jua safi, ni yule wa hatua ndefu, na hesabu ya tasbihi ndiyo urefu wa hatua yake.

Bwana mkubwa anajua hili kwa simu. Mama mkwe alilijua kwa tasbihi. Athumani alilijua kwa kamba za boti mikononi mwake. Watu watatu, na hakuna aliyefungua mdomo. Kudra ya Mungu siikatai. Lakini kudra haikumzuia mtu yeyote kupanda mtumbwi, akavuka, akasema.

Jumatano, 30 Machi

Nimewaambia wote kisimani. Kila aliyekuja na ndoo kaambiwa: ikishuka tano, kimbieni, ikipita kumi, kimbieni, hata bahari iwe kama mafuta, na hasa ikiwa kama mafuta. Nimewafanya waseme pamoja nami.

"Sasa umekuwa mwalimu," kasema Salma. "Na siku ile mwalimu alikuwa wapi?"

"Siku ile nilikuwa sijui. Ndiyo maana nakwambia wewe leo."

Kajitwisha ndoo kaondoka. Lakini nimemsikia njiani akimwambia mwenzake: tano, na kumi.

Mama mkwe kasikia kwamba nimelitoa. Hajala chakula changu leo.

Jumapili, 3 Aprili

Kala.

Jumatano, 6 Aprili

Mvua siku ya nne. Athumani kanisemesha mara tatu. Nimemjibu mara moja.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimemwambia Salma jana, jiweni nakaa mimi. Kasema, "Kaa, ili tusikulaumu kwamba ulikataa." Mama mkwe kanifunga mtoto mgongoni kwa mikono yake, hajapata kufanya hivyo.

Mbingu safi, bahari imetulia. Wanawake tisa wakainama. Nane. Nane. Tisa. Nane. Mkono ukanitoka jasho, punje zinateleza. Tisa. Kumi. Kumi. Salma, na mwanawe mchanga mgongoni, alikuwa amekwisha kusogea kwenye matundu ya ukingoni. Kumi na mbili.

Nikagonga.

Wakainua vichwa. Wakatazama bahari, wakanitazama mimi, wakatazamana. Sikuacha kugonga. Wakaja, lakini wanatembea, wananuna, mmoja anarudi kuchukua kijiti chake. Nimegonga mpaka debe likatoboka upande, mpaka wa mwisho akakanyaga mchanga, ndipo nikashuka.

Tukakaa mchangani. Likapita wimbi moja, halikufika hata jiweni. Likapita la pili. Nahesabu kwa sauti, wanasikia: kumi na tatu, kumi na tatu. Maji yanapanda na kushuka taratibu, mazuri ya kutazama. Salma kaangalia kikapu chake, kina pweza mmoja asiyejaza sufuria.

"Wiki mbili nimeingoja bamvua," kasema. "Watoto wangu wale uoga wako?"

"Walikula nini siku ile?"

"Usinitajie siku ile. Nililishika mimi jiwe, si wewe." Kainuka. "Narudi. Anayekuja aje."

Wawili wakainuka naye. Nikasimama mbele yake na debe langu lililotoboka.

"Rudi," nimesema. "Sikushiki. Lakini huyo mtoto niteremshie hapa. Ninaye wa kwangu, maziwa yapo, nitawanyonyesha wote wawili, mpaka huyo akue, kama haja itakuwapo. Mteremshe."

Kanitazama. Nilikuwa na hasira ya mwezi mzima na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Kaweka mkono nyuma kamgusa mwanawe mguu. Hakumteremsha. Kasimama tu pale, halafu kakaa chini, mbali na mimi.

Tumekaa hivyo muda mrefu. Wa kusinzia wakaanza kusinzia.

Halafu maji yakaondoka ukingoni.

Mwamba mweusi ukatoka, na ile mimea inayoning'inia. Kilima kikaja hakina povu. Kikapita juu ya ukingo, juu ya matundu, juu ya jiwe, jiwe lote, hata ncha haikuonekana. La pili likafika mpaka kwenye miguu yetu mchangani, tukarudi nyuma tukikokota vikapu. La tatu likabeba kijiti kilichosahauliwa, likakirudisha, likakichukua moja kwa moja.

Wakati huo huo nikasikia mtu anapiga kelele nyuma yetu. Athumani, anakimbia kutoka upande wa ndani, shati limelowa, mguu mmoja hana kiatu. "Tokeni majini," anasema, "tokeni majini nyote," na sisi tumekaa kwenye mchanga mkavu kama wageni wa harusi. Mmoja kaanza kucheka, wakacheka wote, kicheko kibaya kinachokaribia kilio. Mimi sikucheka.

"Wamehamisha boti?" nimemuuliza.

"Wanahamisha sasa hivi. Nimeziacha."

Hakuna aliyenishukuru. Wamejitwisha vikapu vyao vyepesi, wameondoka. Nimeelewa na hilo linanikera pia: watu tisa wamekwenda nyumbani kupika, na kwao leo ni siku ambayo pweza walikuwa haba.

Jumapili, 10 Aprili

Karani Nazarali kaleta salamu. Athumani asirudi kazini.

Kasema, "Haya," kachukua jembe kaenda shambani kwenye muhogo. Nimemwekea chakula, nikakaa mpaka akamaliza. Hatukuzungumza. Lakini nilikaa.

Alhamisi, 14 Aprili

Jino la pili.

Jumanne, 19 Aprili

Nilimwambia Athumani nilivyoandika hapo juu, kwamba niliwaambia bahari imelala. Hakuwa amelijua hilo neno. Alifikiri nilikaa kimya tu. Kisha kasema, "Wewe ulisema ulichodhani. Mimi sikusema nilichojua." Katoka nje, kakaa na mama yake.

Sijamsamehe. Mwenyewe sijajisamehe. Nimeandika tu kwamba amelisema.

Jumamosi, 23 Aprili

Mwezi wa Ramadhani unaweza kuandama leo jioni, wanawake wote wanataka pweza wa kuvunja jungu. Maji yamekupwa vizuri. Nimeamka mtoto ana homa ya meno, hataki kubebwa na mtu mwingine, hataki mgongoni, analia kwa kila linalomgusa. Nimesema siendi. Mama mkwe kasema, "Basi na waende na Athumani."

Jiweni hajapata kukaa mwanamume. Salma kasema huyu mkimbiza boti atajua nini. Nimekwenda naye, mtoto nimempakata, nimempandisha jiweni, nikampa tasbihi, nikasimama chini yake.

Wimbi likapasuka. Midomo yake ikacheza. Likapasuka la pili. Kaniinamia kaninong'oneza, "Nane."

"Usiniambie mimi," nimesema.

Kanitazama. Wanawake walikuwa wameinama mbele yetu, migongo baharini, kila mmoja kwenye tundu lake.

"Nane," kasema.

"Sijasikia."

Kasimama juu ya jiwe, mtu mzima, suruali imekunjwa magotini. Kapiga kelele mpaka Salma kainua kichwa kule ukingoni na mtoto wangu akanyamaza kumsikiliza: "Nane."

Nimemwambia ahesabu linalofuata.